Alhamdulillahi, ni wa Kushoto

Kila aliyekuja kunipa pole alinipa na hongera. Anaingia, anavua viatu, anakaa mkekani, anautazama mkono wangu uliolala mapajani, anauliza, "Wa wapi huo, Bi Tabia? Wa kulia?" Namjibu, "Wa kushoto." Basi hapo uso unakunjuka. "Ah! Wa kushoto? Alhamdulillahi! Mungu si Athumani!" Anakunywa maji yangu ya ndimu, anakwenda zake ameridhika, utasema yeye ndiye aliyepona.

Mwanapili, jirani yangu wa mlango kwa mlango hapa Kikwajuni, alilisema neno hilo kila alipopita. Mwanapili akishapata neno haliachi mpaka lichakae. "Ungekuwa wa kulia, shoga, leo ungekula na nini?" Nami naitikia, nashukuru, maana huwezi kumkufuru Mungu mbele za watu. Lakini moyoni nawaka. Nyie watu wazima, Waislamu, mmezaliwa papa hapa Unguja, ndiyo kusema hamjui mkono wa kushoto una kazi gani?

Mimi ntaisema, nshachoka kuona haya. Mkono wa kulia unakula, unaamkia watu, unashika tasbihi. Wa kushoto ndio wa kustanjia. Chooni wa kulia unamwaga maji kwa kopo, wa kushoto unasafisha. Ndivyo tulivyofunzwa tungali watoto, na hakuna aliyewahi kukaa akalifikiri jambo hilo, kwa sababu kila mtu mikono anayo miwili. Kiharusi kiliponipiga mimi, mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, na wanaonijua watakwambia ulirudi na ziada. Mkono wa kushoto haukurudi. Vidole vinacheza kidogo tu, basi.

Sasa nifanye nini? Nina mtoto mmoja, mwanamume, Hasan, anafanya kazi bandarini. Anayeshinda na mimi nyumbani ni mkewe, Kazija, mtoto wa Chwaka. Mkamwana aje anistanjishe mimi, mkwewe? Bora ardhi ipasuke initie ndani. Nikawa nafanya kwa mkono huo huo wa kulia, kopo nimeliweka chini, nachota maji kwa kiganja, najikongoja. Nikitoka nanawa, nanawa, na sabuni yenyewe siku hizo ni ya kupangia foleni, nanawa mpaka ngozi inachubuka. Mkono unatakata. Moyo hautakati. Kisha mkono ule ule nikautie katika sinia moja na watu? Haimkiniki! Nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, mkono wangu wa kulia urudi kuwa wa kulia, nikae mkekani nile na watu wangu. Mengine yote nilikuwa radhi kuyakosa.

Basi nikawa naomba sahani na kijiko, nakula peke yangu chumbani, mlango nimeurudisha.

Kazija akaona nimemsusa. Haki yake, hata mimi ningeona hivyo. Mwanzo akadhani ni chumvi, akaipunguza. Akadhani ni pilipili, akaiacha. Akanipikia samaki wa kupaka kwa tui zito, na nazi siku hizo ilikuwa haipatikani ovyo, nami nikampokea sahani mlangoni nikasema ahsante, nikaurudisha mlango. Toka siku ile akaacha kuniita mama. Akawa anapitia kwa Hasan. "Mwambie mama yako chakula tayari." Na mimi nimekaa pale pale, namsikia!

Usiku mmoja, wala haukuwa mwingi, nikamsikia uani analia. "Mama yako ananiona mchafu," anamwambia mumewe. "Hata sinia moja na mimi hawezi kula. Mimi ntarudi kwetu Chwaka." Lo! Yeye mchafu! Nilitaka nitoke niseme, nikafika mpaka mlangoni. Nikaseme nini? Nikarudi kitandani, nikaugeukia ukuta, nikaulaani ule mkono wa kushoto.

Na hospitali je? Usinikumbushe. Huko nilikokuwa nikienda mazoezi nilimkuta Dilshad, mjukuu wa kike wa marehemu Taherali, Mhindi Mwislamu aliyekuwa na duka la vitambaa Darajani. Nilimjua tangu anatambaa juu ya majora ya babu yake. Alikwenda Ulaya akasoma, akarudi na kazi ambayo jina lake mimi halinikai. Ni kuwafunza wagonjwa kuishi tena, wavae, wapike, wale, wajitegemee. Kazi nzuri, sikatai. Lakini ana karatasi yake ya kupimia, nayo ndiyo iliyonitoa roho.

"Funga kifungo hiki, Bi Tabia." Shati la kiume limetandazwa mezani.

"Mwanangu, mimi navaa kanga."

"Najua, lakini ndivyo kipimo kilivyo."

Nikafunga vifungo vya shati la mwanamume nisiyemjua. "Shika uma." Nikashika uma, na katika umri wangu wote sijapatapo kula kwa uma. "Andika jina lako. Chana nywele. Fungua kifuniko cha chupa." Nikaibana chupa mapajani, nikafungua. Akawa anatia alama, anatabasamu. Kisha akasoma, "Unakwenda chooni mwenyewe?"

"Nakwenda."

"Unachutama na kuinuka mwenyewe?"

"Naam."

"Nguo zako unazitengeneza mwenyewe?"

"Naam."

Akaandika. Nikamtazama, nangojea swali linalofuata. Na yeye akanitazama. Kisha akainamisha macho, akageuza ukurasa.

"Thelathini na sita katika arubaini!" akasema, furaha imemjaa kweli. "Sina mgonjwa aliyefika hapo. Sasa unajitegemea, Bi Tabia. Na bahati yako ni wa kushoto."

Nusura nimrushie ule uma.

Nikaambiwa mazoezi yamekwisha, nikarudi nyumbani na alama zangu. Thelathini na sita, na kijiko changu, na mlango wangu wa kurudisha. Kazija naye keshaanza kukunja nguo zake, moja moja, anazitia kwenye sanduku la bati. Hasan anaingia na kutoka. Nikajua sanduku lile likishajaa, na mwanangu atalifuata, kama si leo basi kesho. Na mimi ntabaki na Mwanapili na alhamdulillahi yake.

Mchana mmoja Kazija ndiyo anapakua, mara hodi. Dilshad. Kaja na karatasi yake kwapani.

"Shikamoo, Bi Tabia. Nimekuja kukupima na nyumbani. Hospitali peke yake haitoshi."

"Marahaba," nikasema. "Karibu uone."

Kazija akamkaribisha mkekani, akaweka sinia la wali katikati, samaki juu yake. Kisha akaniletea mimi sahani yangu na kijiko, akaviweka mbele yangu kwa kishindo mpaka wali ukaruka. Dilshad, masikini ya Mungu, hakuona kitu. "Vizuri sana!" akasema. "Unatumia kijiko!" Akatoa kalamu.

Hapo Kazija akapasuka. "Vizuri nini? Muulize! Wewe mtu wa hospitali muulize kwa nini hali na mimi! Hapo zamani tukila sinia moja, akinimegea samaki kwa mkono wake. Ameugua, mkono wa kulia mzima, thelathini na sita sijui katika ngapi, na bado kijiko! Kama hanitaki aseme, sanduku langu liko tayari!"

Dilshad akanigeukia. Kazija ananitazama. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, hasira zote za tangu nilipougua zikanipanda kwa pamoja. Wala sikumjibu Kazija. Nikainuka, nikamshika Dilshad kwa mkono wangu wa kulia, nikamburura.

"Unataka kunipima nyumbani? Njoo!"

"Wapi, Bi Tabia?"

"Njoo, nakwambia!"

Nikampeleka uani, nikamtia chooni, nikaingia na mimi. Choo chenyewe cha shimo, chembamba, tumebanana. Nikauvuta mtandio wake mabegani. "Lete mkono wa kushoto." Akaleta, kashangaa. Nikauzungusha mtandio, ncha moja nimeing'ata kwa meno, nikaufunga mkono wake mwilini asiweze kuuchopoa. Kisha nikampa kopo la maji katika mkono wa kulia.

"Haya. Stanji."

Alisimama na kopo mkononi. Akalitazama kopo. Akautazama mkono wake uliofungwa. Akainama kidogo kama anayetaka kujaribu, akaona maji atayamwaga kwa mkono gani na atajisafisha kwa upi, akasimama tena. Mwisho akaliweka kopo chini.

"Umeona?" nikamwambia. "Thelathini na sita! Na nyinyi kwenu si mnakula sinia moja, tena kubwa kuliko letu? Mkono huu nimekwisha kuutumia humu, Dilshad. Niende nikautie ndani ya wali wa mtoto wa mwenzangu?"

"Bi Tabia," akasema polepole, "kwa nini hukunambia?"

"Kwa nini hukuniuliza? Wewe chooni unatumia karatasi?"

"Nilitaka kuuliza," akasema. "Siku ile hospitali. Swali halimo kwenye kipimo, na wewe ni mtu mzima, unalingana na bibi yangu. Nikaona haya."

Nikacheka kwa uchungu. Sote wawili tunajua, sote wawili tunaona haya, na katikati yetu karatasi ya watu wasiotumia maji! Nikamfungua mtandio. Tulipotoka, Kazija alikuwa amesimama nyuma ya mlango, upawa mkononi, machozi yanamtiririka. Alisikia yote.

"Basi ndiyo hilo?" akasema. "Siku zote hizi ni hilo? Na mimi nimeacha pilipili!"

Nikaingia chumbani kwangu nikajifungia, maana haya ilinirudia yote kwa mkupuo mmoja.

Lakini Dilshad ana kichwa kigumu, hilo namsifu. Alirudi keshoye bila karatasi. Akakaa na mimi tukafikiri pamoja, wanawake wawili, mlango umefungwa, tukayataja mambo kwa majina yake. Akaona vidole vyangu vya kushoto nguvu havina, lakini vikiongozwa vinakwenda. Kinachohitajika ni maji yajimwage yenyewe, mkono wa kulia upate nafasi ya kumshika mwenziwe kifundoni na kumwongoza. Hasan akatumwa kwa Simai, fundi bati, atiliwe bomba chini ya debe la mafuta. Simai akauliza bomba la nini. Hasan akamwambia, "Wewe tia tu." Debe likatundikwa ukutani mwa choo, bomba limenielekea mgongoni.

Kisha mazoezi, na hayo ndiyo nusura yaniue. Mipira ya kuminya ya hospitali tuliitupa. Dilshad akawa anapaka masizi ya sufuria kwenye sahani ya bati, ananifungulia maji, nami niyasafishe kwa vidole vya kushoto, wa kulia unaongoza. Masizi yanakwenda huku, vidole vinakwenda kule. Nilimtukana kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kihindi, tukaelewana. Nilitupa sahani mara nyingi. Kila nikiitupa Kazija anaiokota, anaipaka masizi upya, ananirudishia. Kuniita mama bado, lakini nguo zimeanza kutoka sandukuni, nikaziona kwenye kamba.

Mpaka siku moja sahani ilitakata. Hakuna aliyepiga vigelegele. Nikaichukua, nikaitazama pande zote, nikaenda chooni peke yangu, nikafungua bomba. Nilikaa humo muda mrefu. Nilipotoka nilikuwa nalia na nimekasirika, sijui namkasirikia nani.

Kazija alikuwa anapakua. Nikanawa mkono wa kulia, mara moja tu, wala sikuusugua. Nikenda nikaketi mkekani, mahali pangu pa zamani, sinia mbele yangu. Hasan akaacha tonge hewani. Kazija akajifanya haoni.

Na nani atatokea wakati ule kama si Mwanapili? Hodi hajamaliza, keshaingia. "Ah! Shoga, leo uko mkekani! Si nilikwambia? Wa kushoto, alhamdulillahi, ungekuwa wa kulia ungekula na nini?"

Nikavuta pumzi nimjibu. Sikuwahi.

"Bi Mwanapili," akasema Kazija, na heshima yote ya Chwaka imo katika sauti yake, "choo kile pale uani. Nenda ukajaribu kustanji kwa mkono mmoja, halafu rudi ule na sisi."

Hasan akapaliwa. Mwanapili kinywa wazi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nimemwona hana neno. Mimi nilicheka mpaka nikajishika ubavu.

Kazija hakucheka. Alimega samaki pale palipo na nyama nyingi, akamtoa miiba, akamsogeza juu ya wali mpaka upande wangu.

"Kula, mama," akasema.

Nikasema bismillahi, nikatia mkono.