Insha Zilizosomwa kwa Sauti

Jumatatu asubuhi Paskazia aliamka asijue kama kumekucha. Kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo, na alipozibandua kwa maji ya uvuguvugu, mwanga wa dirishani ulimchoma kama amepakwa pilipili. Ugonjwa wa macho mekundu uliokuwa ukizunguka mitaa ya Buzuruga tangu wiki iliyopita ulikuwa umemfikia.

Tabibu wa zahanati alimpa dawa ya matone, akamkataza kwenda shule kwa siku tano na kumwonya asitumie taulo moja na mtu yeyote. Kusoma ndiyo kabisa, asiguse hata gazeti. Paskazia aliitikia kila neno, lakini mawazo yake yote yalikuwa kwenye kiroba cha karatasi alichokiacha sebuleni.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha pili, na mtihani wa majaribio ulikuwa umekwisha Ijumaa. Insha mia moja na arobaini zilikuwa zinamngoja. Jumamosi kulikuwa na kikao cha wazazi, kwa hiyo mwalimu wa taaluma alizitaka alama Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Paskazia alipompigia simu, mwalimu huyo alimpa pole ya dhati, kisha akasema kila mwalimu amelemewa na mzigo wake na hana wa kumpa hizo insha. Ajitahidi tu.

Siku hiyohiyo shangazi mtu alikuja kumchukua Queen, binti wa Paskazia wa miaka saba, akampeleka kwake Buhongwa asije akaambukizwa. Chenge, mume wa Paskazia, alikuwa safarini na lori na asingerudi hadi Jumapili. Nyumbani wakabaki watu wawili, Paskazia na baba mkwe wake, Mzee Shigela.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Mzee alikuwa ameishi nao miezi minane, lakini yeye na mkwewe walikuwa hawajawahi kuongea zaidi ya salamu. Haikuwa ugomvi, ilikuwa heshima. Kwao alikokulia mzee, baba mkwe hakai na mke wa mwanawe wakapiga soga. Chakula Paskazia alimpa Queen apeleke, na mzee akitaka jambo alimtuma Queen. Sasa Queen hayupo. Jumatatu jioni Paskazia aliweka sahani ya ugali na dagaa mezani, akakohoa kidogo, akarudi chumbani. Baada ya muda akasikia kiti kikivutwa.

Jumanne alijaribu kufanya kazi. Alinawa mikono kwa sabuni, akachukua insha ya kwanza, akaishikilia karibu na pua. Maandishi yalikuwa yanaogelea. Kufikia saa nne alikuwa amesahihisha nane, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni, na kichwa kinamgonga. Alizirudisha kwenye kiroba, akalala akiwa amejifunika kanga usoni. Alilia kidogo pia, ingawa kwa macho yale nani angejua.

Jumatano asubuhi alisikia hatua zikisimama nje ya pazia la chumba chake.

"Mama Queen," mzee alisema, "hizo karatasi mimi naweza kuzisoma. Miwani ninayo."

Paskazia alikaa kitako. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasema kwamba kazi ile inachosha sana.

"Najua inachosha. Nimekusikia jana ukipenga kamasi kutwa nzima. Wewe lala huko, mimi nakaa hapa sebuleni. Nasoma, unaniambia, naandika."

Ndivyo walivyofanya, pazia likiwa katikati yao. Mzee Shigela alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kivuko, akipanga magari na abiria, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini. Alisoma insha za watoto kama anatangaza safari. Kichwa cha insha kilikuwa kimoja kwa wote: safari ambayo sitaisahau.

Tatizo likajitokeza kwenye insha ya kwanza tu. Mzee alisoma "safali", na Paskazia akaagiza akate alama. Akasoma "safali" tena, na tena. Paskazia akauliza kama mtoto ameandika kwa L au kwa R. Mzee akaangalia, akasema mtoto ameandika sawasawa, ni ulimi wake yeye ndio haukulelewa na herufi hiyo. Tena wanafunzi wenyewe walikuwa wanazichanganya herufi hizo, kwa hiyo huwezi kubahatisha. Mwishowe mzee akaja na mpango wake. Kila alipokutana na R kwenye karatasi, aligonga meza kwa kijiko. "Safali," akasema, na kijiko kikalia ngo. Paskazia akajua neno limeandikwa vizuri. Pale ambapo kijiko kilinyamaza kwenye neno la R, mtoto alikosea. Kufikia mchana mwendo ulikuwa umewakolea, na Paskazia alijikuta akicheka peke yake gizani chini ya kanga, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Alhamisi alasiri, zikiwa zimebaki insha thelathini, mzee alisoma moja akaishia katikati. Paskazia alingoja. Akauliza kama miwani imesumbua.

Mzee akaendelea, lakini sasa kwa sauti ya chini. Mtoto aliandika kwamba mama yake alikuwa amembeba mdogo wake mgonjwa, wakafika kivukoni, wakamkuta mfanyakazi mwenye koti la kung'aa. Mfanyakazi yule alimfokea mama mbele ya watu, akamwambia asimame nyuma ya mnyororo kama wenzake, magari kwanza. Walikosa zamu ile, wakasubiri juani hadi chombo kiliporudi. Mdogo wake alitibiwa akapona. Lakini safari ile, aliandika, hataisahau kwa sababu ndiyo siku pekee aliyomwona mama yake akilia.

"Alama ngapi, baba?" Paskazia aliuliza taratibu.

"Wewe ndiye mwalimu."

"Nakuuliza wewe."

Mzee alivua miwani, akaiweka mezani. "Ameandika ukweli," alisema. "Tulikuwa tunafoka. Mimi pia nilifoka sana. Huyo mama sijui kama ni mimi niliyemfokea, walikuwa wengi, siwakumbuki."

Paskazia hakutafuta maneno ya kumfariji, aliona hayahitajiki. Alimwomba asome aya ya mwisho tena, wakahesabu makosa pamoja, yakawa mawili. Akamwambia aandike kumi na nane kwa ishirini. Mzee aliandika, akanywa maji, akachukua karatasi iliyofuata.

Ijumaa saa nne na nusu walimaliza. Mwalimu mwenzake, Nestory, alikuja na bodaboda kuchukua kiroba na orodha ya alama, akasimama mlangoni bila kuingia. Jioni mwalimu wa taaluma alipiga simu. Alisema mwalimu mwingine amezipitia insha kumi kuhakiki, na hakubadilisha alama hata moja. Paskazia alishusha pumzi ndefu, ikatoka kama ilikuwa imefungiwa kifuani wiki nzima. Alikwenda hadi kwenye pazia, akalisogeza, akamwambia mzee habari hiyo ana kwa ana.

"Basi vizuri," mzee alisema, akikohoa kwa koo lililokauka. "Sasa naomba chai."

Jumamosi macho yalifunguka yenyewe. Yalikuwa na wekundu bado pembeni, lakini mwanga haukuchoma. Paskazia alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akakaanga karanga, akapeleka mwenyewe barazani, akaketi upande wa pili wa sinia. Waliongea kidogo tu, habari za mvua na za Queen ambaye angerudi kesho. Kisha mzee akasinzia kitini, na Paskazia akabaki pale akitazama watu wakipita barabarani, mmoja mmoja, kila mmoja akionekana vizuri kabisa.