Nyumba ya Tarehe Tatu Aprili

Jumapili asubuhi, katika ofisi ya maji ya Jabal al-Taj, Rihab alimaliza mkate wake wa ufuta na yai, akafuta vidole, akafungua faili la zamu. Lilikuwa faili la maandishi matupu, lisilo na rangi wala mistari: jina la mtu, namba ya nyumba, siku yake ya maji, na mkato katikati. Mafundi walilisoma na kufungulia maji nyumba kwa nyumba. Aliyekosea kuandikwa humo alikaa na tangi kavu juu ya paa, au alinunua maji ya lori kama ana uwezo.

Mama Nayef, mjane wa jengo la tatu, ghorofa ya nne, alikuwa ameandikwa 3-4, Jumatatu. Sasa alikuwa ameandikwa tarehe tatu Aprili.

Rihab alishusha pumzi. Mkuu wake, Mhandisi Ghalib, alikuwa na mazoea ya kufungua kila kitu kwa lahajedwali, ile programu ya kompyuta ya kupangia hesabu. Lahajedwali likiona 3-4 linadhani ni tarehe, nalo halimwulizi mtu. Linauliza wakati wa kufungwa tu, kama lihifadhi mabadiliko, na Mhandisi Ghalib si mtu wa kukataa anachokaribishwa.

"Bwana Mhandisi, umelifungua tena faili?"

"Nimelitazama tu. Sikugusa kitu."

"Halikukuuliza kama lisevu?"

"Liliuliza kwa adabu, nikalikubalia. Ulitaka nilitukane?"

Tangu Julai ianze, jengo la tatu liliishi kama lilivyoandikwa, kila ghorofa katika tarehe yake. Ghorofa ya kwanza ilikuwa tarehe tatu Januari, na wenyewe walishahamia kwa ndugu zao kukimbia baridi. Ya pili ilikuwa tarehe tatu Februari. Ya tatu ilikuwa imefungwa, wenyewe wako Kuwait. Kwa Mama Nayef ilikuwa Aprili, na ukifungua dirisha lake ulimsikia muuza lozi mbichi akipita barabarani, ingawa mjini lozi mbichi zilikuwa zimekwisha kitambo. Majirani walipanda kuanika nguo kwenye roshani yake, kwa kuwa upepo wa huko ulikuwa mzuri, kisha wakateremka kuendelea na shughuli zao.

Tatizo lilikuwa siku. Mwaka ule tarehe tatu Februari iliangukia Jumatatu, siku ya zamu ya mtaa, kwa hiyo ghorofa ya pili maji yalitoka bila kukatika. Tarehe tatu Aprili iliangukia Alhamisi. Mama Nayef alilala Alhamisi akaamka Alhamisi, na Jumatatu yake haikufika.

Alikuja ofisini na dumu tupu mkononi, akaketi mbele ya Rihab.

"Binti yangu, huku kwenu leo siku gani?"

"Jumapili, mama."

"Mna bahati," alisema Mama Nayef. "Mimi nimechoka kujipangusa kwa kitambaa kama maiti."

Rihab alilifungua faili kwa lahajedwali, akaandika 3-4. Kabla hajaondoa kidole ikawa Aprili. Akatanguliza kile kialama cha juu kinacholiambia lahajedwali litulie, likatulia. Akahifadhi, akafunga, na alipofungua tena kialama kilikuwa kimepotea na Aprili imerudi. Akaipaka safu nzima rangi ya njano iwe onyo, lakini maandishi matupu hayabebi rangi. Mwisho akatumia ile programu ndogo ya kuandikia, isiyojua kalenda, akaandika 3-4, ikakaa. Mchana Mhandisi Ghalib alilitazama faili. Rihab alibandika karatasi kwenye kompyuta yake: USIFUNGUE FAILI LA ZAMU. Mhandisi alilifungua ili aone ni kitu gani hapaswi kufungua.

Hasira zilimpanda Rihab hadi masikio yakamwaka moto. Mhandisi angekuwa adui, Rihab angejua la kumfanya. Huyu alikuwa mtu mpole, anayemletea kila mtu kahawa yenye iliki, na kila jioni anamkausha mjane kwa kubofya mara moja.

Jumanne moja Mhandisi alikuwa mkutanoni. Rihab alilisahihisha faili, akawapelekea mafundi mwenyewe. Jengo la tatu likarudi Julai na joto lake. Kabla ya adhuhuri Mhandisi alikuwa amesimama mezani kwake.

"Nani amegusa faili?"

"Mimi. Nimelisahihisha."

"Dada yangu Samar ana nguo kwenye mashine, na maji yamekatika."

Rihab hakuwa akijua kwamba ghorofa ya pili ni ya dada yake.

"Leo Jumanne, Bwana Mhandisi. Zamu yao Jumatatu, kama watu wote."

"Kwake ilikuwa Jumatatu hadi asubuhi hii."

Akavuta kiti, akaomba radhi kwa kumsogeza, akalifungua faili kwa lahajedwali mbele ya macho yake. Namba zikawa tarehe. Akaenda kufunga, swali likatokea. Safari hii alilisoma lote, polepole, akakubali.

"Na Mama Nayef?" aliuliza Rihab.

"Aprili ni mwezi mzuri sana," alisema Mhandisi Ghalib. "Mwambie watu wanalipa fedha wapate hewa ile."

Agosti ilipofika, Rihab alikuwa akitoka kazini na kupandisha dumu la maji kutoka kwao hadi jengo la tatu. Siku moja ngazi zilikuwa zimelowa, akashika ukuta asiteleze. Samar alikuwa akiziosha kwa mpira wa bomba, maji yakiteremka hadi barabarani.

"Pole na mzigo, dada," alisema Samar, akauvuta mpira kando ili Rihab apite.

Juu, Mama Nayef alifungua mlango, na ubaridi wa Aprili ukatoka. Alilipokea dumu kwa mikono miwili, akalibeba hadi jikoni, akarudi na bilauri iliyojaa.

"Kunywa wewe kwanza, binti yangu," alisema. "Umetoka Agosti."

Rihab alikunywa nusu, akamrudishia iliyobaki.