Marahaba za Ijumaa

Bibi Esteria alikataa katakata kuwa kamera.

Wiki nzima mkwewe Lidwina alikuwa akifanyia jikoni mazoezi ya kutangaza kwenye runinga. Siku ya kwanza alizungumza na kinu, lakini kinu hakina macho, akaona afadhali amgeukie mama mkwe, aliyekuwa akipukuchua mahindi huku mjukuu wake Yasinta amelala mgongoni.

"Shikamooni wazazi wetu, popote mlipo," Lidwina akaanza.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, leo wewe ni kamera. Kamera haiitikii."

"Basi usiniamkie. Niamkiwe ninyamaze kama gogo? Majirani watasema nina kinyongo na wewe, Mama Yasinta."

Ikawa hivyo kila siku: shikamoo, marahaba, ndipo kipindi kiendelee.

Kipindi kiliitwa Darini, na kilikuwa cha kwanza Lidwina kukibuni mwenyewe. Kwa miaka miwili, katika kile kituo kidogo cha runinga ya umma pale Songea, alisoma matangazo ya vikao na ya mbuzi waliopotea. Sasa mkuu wa vipindi, Mzee Polikarp, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: "Nakupa Ijumaa moja, saa kumi na mbili jioni, moja kwa moja. Watu wakikipenda, ni chako. Wasipokipenda, tunarudia kikao cha bajeti."

Kikao hicho kilikuwa kimerudiwa mara nne. Hata waliohutubia walikuwa wamechoka kujiona.

Ijumaa ikafika. Mgeni alikuwa Mzee Hironimus, mkulima wa Mpitimbi, amekuja na mafungu ya mahindi ya mbegu yaliyokaa darini juu ya jiko lake mpaka yakawa meusi kwa moshi. Moshi huo ndio unaofukuza dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, na hayo ndiyo aliyokuja kuwaeleza watu. Bashiru, mpiga picha, akainua vidole vitatu, viwili, kimoja.

"Shikamooni wazazi wetu, popote mlipo," Lidwina akasema, akainamisha kichwa kidogo.

Halafu akangoja.

Hakujua kwamba anangoja. Sikio lake lilikuwa limezoea marahaba, na ulimi haukutaka kusogea kabla haijaja. Bashiru akachungulia nyuma ya kamera, akatikisa waya, akidhani sauti imekatika. Studio ikawa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Mwishowe Mzee Hironimus akamwinamia mtangazaji wake.

"Wameshaitikia, mwanangu. Endelea."

Akaendelea. Dumuzi wakafukuzwa, mbegu zikasifiwa, nusu saa ikaisha. Lakini Mzee Polikarp alikuwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi.

"Sekunde sita," alisema. "Sekunde sita za kimya, binti. Mtu anakohoa mara moja tu, keshabadilisha stesheni."

"Nisamehe, mzee." Lidwina alitazama viatu vyake. Alikiona kikao cha bajeti kikirudiwa kwa mara ya tano.

Simu ya mezani ikalia. Mzee Polikarp akaipokea, akasikiliza, uso ukambadilika kidogo kidogo.

"Ndiyo, mzee... Ndiyo, nakusikia." Akafunika simu kwa kiganja. "Ni mzee mmoja wa Lusewa. Anasema siku zote mnamwamkia na kumkimbia. Leo ndiyo mara ya kwanza runinga imemsubiri. Anataka kujua kama marahaba yake imefika."

"Mwambie imefika," Lidwina akanong'ona.

Simu haikupoa. Wa nne alikuwa bibi mwenye lawama: alikuwa uani anaanua nguo, alipoingia ndani binti keshaanza habari za dumuzi. Anaomba wiki ijayo asubiriwe kidogo zaidi.

"Wallahi, na mimi nilikuwa nahangaika na waya," Bashiru akasema, akicheka mpaka akakaa chini.

Mzee Polikarp akaivaa tena saa yake. "Ijumaa ijayo," alisema, akijitahidi kuwa mkali, "sekunde nane. Yule bibi anatoka uani."

Nyumbani, Bibi Esteria alikuwa bado mbele ya runinga, Yasinta mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ya pili hiyo leo," akasema. "Ya kwanza niliitoa kwa sauti mpaka mtoto akaamka. Uliisikia?"

"Niliingoja, mama," Lidwina akasema, akampokea mwanawe.