Juni Baada ya Mei

...thelathini na tisa, nukta, Ujerumani yaivamia Polandi, haya, mstari wa kwanza umekaa kwenye ukuta wa shule, ungekaa vizuri zaidi kama mkono ungenitii, lakini mkono wa miaka hamsini na minane hauna adabu tena, na usingizi wenyewe sikuupata, mama naye... arobaini, Juni, Paris yaanguka, mwalimu wa historia ameishika ngazi huko chini kama vile nitaruka, "Polepole, fundi, hatukimbizwi," nyie hamkimbizwi, binti yangu, mimi nakimbizwa, wiki ya tatu hii mama hajainuka kitandani, daktari haulizwi akajibu, anaguna tu, na jana mama kaniomba kitu kimoja, "Niandikie kibao cha baba yako, nikizikwa mkisimamishe ubavuni kwangu, asikae bila jina," nami, fundi wa maandishi, niliyeandika majina ya maduka, ya malori, ya makaburi ya watu nisiowajua hata kwa sura, nikamjibu mama mgonjwa, "Mama, nitaandika yote ila hilo," lo, ulimi huu, akageukia ukutani, hata chai hakuigusa... arobaini na moja, Juni, Ujerumani yaivamia Urusi, Desemba, Japani yashambulia Bandari ya Pearl, hiyo P imenenepa, basi, watoto hawataiona, wao wanapita ukumbini wakisukumana, mmoja kasoma kwa sauti kisha kacheka, sijui kacheka nini, mwaka uliofuata ndio baba alivalishwa sare, mimi nikiwa tumboni, kwa hiyo hatukuwahi kuonana, barua zake mbili nimezisoma, mvua huku haikatiki, Wajapani wamejificha kila kichaka, mtoto anaendeleaje, yule mtoto ndiye mimi, anaendelea hivihivi, kiwiko kinamuuma... arobaini na tatu, Februari, Wajerumani wasalimu amri Stalingrad, arobaini na nne, Juni, majeshi yatua Normandi, nimechoka, Mungu wangu, nimechoka mpaka kwenye kucha, na hii sasa ndiyo ya mwisho, arobaini na tano, Mei, nimeiachia nafasi makusudi, herufi za shubiri nzima, MWISHO WA VITA, na mstari mnene chini yake, Mei hiyo naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa, nimelishwa pamoja na uji, Mei kengele zilipigwa mji mzima, watu wakacheza barabarani, mama akalifua shati la baba akalitundika dirishani, halafu ikaja karatasi ya jeshi, mstari mmoja, amefariki tarehe kumi na mbili Juni, na baba mdogo, ndiye pekee aliyejua kusoma pale nyumbani, akaisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Vita vimeisha Mei, huyu kafa Juni, kauawa na nani? Huo ni ulevi, au katoroka wakamtia risasi," na watu nao wana kawaida yao, lisemwalo lipo, basi likawepo, shuleni nikaitwa mwana wa mtoro, nilipigana mpaka nikachoka kupigana, mwishowe nikajiandikisha kwa jina la baba mdogo, nalo ndilo liko juu ya mlango wa karakana yangu, jekundu, nimelichora mwenyewe... "Fundi! Mbona umefunga hapo?" ananiambia nini huyu, "Karatasi niliyokupa unakili ina ukurasa wa pili, fundi, Mei ni Ulaya tu, bado Japani," na mimi najisikia nikimjibu kwa ukali, "Mwalimu, vita viliisha Mei, hilo najua," naye kwa upole wake wa kukera, "Unajua kwa nani? Kule Asia walipigana mpaka Agosti, mabomu mawili yale, ndipo Japani ikasalimu amri," kwa nani... kwa baba mdogo, na baba mdogo kwa kengele, Mei, Juni, Julai, Agosti, nahesabu kwa kidole juu ya ngazi kama mtoto wa chekechea, Juni iko katikati, ngoja, nahesabu tena, Juni iko katikati jamani, kumbe walikuwa bado wanapigana, kumbe tulicheza barabarani na yeye yuko kwenye mvua ile ile, mzee mzima ovyo mimi, ninajua kusoma, ningefungua kitabu chochote, miaka yote hii, sikufungua kwa sababu niliona aibu, na mama asiyejua hata A alisema siku zote, "Mume wangu hakukimbia," sisi tukamwona kachanganyikiwa kwa majonzi, kibao nitakiandika leo hii, jina lake lote, na la karakana nitalifuta, mama, nisubiri tu, usiende, nisubiri mpaka jioni... "Fundi, unasikia? Tuifute hiyo Mei?" na mdomo wangu unasema, sijui umetoa wapi, "Baba yangu alikufa Juni," naye mwalimu, "Oh, pole sana, fundi, kumbe una msiba, ungesema tukakupumzisha," anadhani ni Juni hii iliyopita, nami simsahihishi, brashi inanidondoshea rangi kwenye kiatu, niko palepale juu, maandishi bado mabichi, maana toka karatasi ile ya jeshi ifike hakuna aliyempa mama pole, nani ampe pole mke wa mtoro, hii ndiyo ya kwanza, naishika ngazi vizuri, nasema, "Asante, mwalimu, nitamfikishia mama."