Kisanduku Kwenye Kamba ya Nguo

Miaka thelathini na mitano ya uashi ilimfunza Fundi jambo moja kubwa: mkaguzi akija, ufa unapigwa lipu asubuhi hiyohiyo, na mkaguzi anawekewa kiti kivulini. Elimu hiyo haikumwangusha hata siku moja. Zilizoanguka ni nyumba mbili tatu tu, na hizo si za kuzungumzwa mbele za watu.

Basi akabisha hodi mtafiti, binti mwenye miwani na mkoba. Akaeleza kwamba ardhini hutoka gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu. Hupenya kwenye nyufa za sakafu, ikajikusanya katika vyumba visivyopitisha hewa, na ukiivuta miaka mingi yaweza kukuletea saratani ya mapafu hata kama sigara huijui. Akaomba kuacha kisanduku kidogo cha plastiki katika chumba cha chini, kipime kwa miezi mitatu.

"Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu," Fundi akasema. "Haina gesi."

"Hatupimi fundi, mzee wangu. Tunapima hewa."

Hilo nani angelisadiki? Chumba cha chini alikichimba mwenyewe kwenye mwamba, kisha dirisha lake la pekee akaliziba kwa matofali, eti linaingiza vumbi. Humo ndimo mkewe alimoshonea nguo za watu, kutwa nzima, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Mtafiti hajafika njia panda, kisanduku kilishahamia uani kwenye kamba ya nguo, katikati ya shuka na soksi, kinapunga upepo. Siku mtafiti aliporudi kukichukua alikikuta mezani chumba cha chini, kimefutwa vumbi, kimejaa adabu.

Barua ikaja: kiwango cha chini kuliko nyumba zote za utafiti. Fundi akaitia fremu na kuitundika sebuleni, mahali pa picha ya harusi. Picha ikapelekwa stoo, maana ndoa yenyewe haikuwa na muhuri wa maabara. Majirani waliokutwa na gesi walikuwa wakitoboa kuta na kufunga feni, naye aliwapitia mmoja mmoja kuwapa pole. "Ujenzi ni kipaji," aliwafariji.

Mgeni hakupewa kiti kabla ya kuisoma barua. Binti yake Fundi, aliyejifungua wiki sita nyuma, aliisoma mara mbili. Jumamosi akarudi na mtoto mgongoni na godoro kichwani.

"Ninakopanga wamepima, gesi imejaa, na mwenye nyumba hataki kusikia," akasema. "Tutalala chumba cha chini, baba. Kwako ndiko salama, imeandikwa."

"Laleni sebuleni."

"Sebuleni kuna kelele."

"Basi chumbani kwangu."

"Baba, mbona unatuhangaisha?" Akashuka ngazi, akatandika godoro kando ya mama yake aliyekuwa akishona kwenye cherehani, akamlaza mtoto.

Fundi aliwafuata. Alikitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka, kikivuta hewa ya chumba chake bila wasiwasi wowote, akaogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Akapanda mbio, akarudi na nyundo.

"Mwondoe mtoto!" Akaanza kuyagonga matofali ya dirishani. Mwanga ukaingia, na vumbi, lile lile alilolikataza. "Kisanduku hakikukaa humu," akasema bila kugeuka. "Nilikitundika nje, kwenye kamba."

Binti yake alimkumbatia mtoto. Mkewe akatoa pini mdomoni.

"Najua. Nguo nafua mimi. Kila nikianika nilikuwa nakisogeza nipate nafasi ya shuka."

Fundi akageuka. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri ukirudishe kabla miezi haijaisha."

"Mke wangu..."

"Miaka kumi na miwili nashona humu. Dirisha nimekuomba mpaka nikachoka, ukaniambia vumbi." Akamtazama mjukuu wake, akatabasamu kidogo. "Huyu ana wiki sita, wala hajakuomba kitu."

 Matofali matatu yalikuwa bado yamesimama. Fundi akayageukia, akainua nyundo tena.