Uwele wa Ekari Mia Mbili

Jumatatu moja ya Februari 1996, Elieth aliketi mbele ya kompyuta pekee ya ofisi yao ya ramani hapo Dodoma, akapangusa vumbi, akaanza kuandika faili la mchoro mpya wa kujazia ramani. Programu ilikuja na michoro ya matofali, mchanga na kinamasi. Wa ardhi tupu haukuwamo, na mkuu wake, Bwana Castory, aliutaka kabla ya Ijumaa, siku ambayo mwekezaji wa zabibu angetia saini mkataba wa ekari mia mbili kwenye njia ya Makutupora.

Mchoro wa namna hiyo ni tarakimu tu: pembe ya mistari, mahali inapoanzia, nafasi kati ya mmoja na mwingine. Elieth aliandika pembe sifuri na vitone vilivyoachana sana, akaupa jina TUPU. Akajaza eneo lote, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, vitone vilikuwa vimechipua. Alikuza picha akaona uwele wa kufika magotini, umepaliliwa vizuri. Alikagua tarakimu moja moja. Hakuna iliyobadilika.

"Umeweka pembe ngapi?" Castory aliuliza.

"Sifuri, bosi."

"Jaribu arobaini na tano."

Akajaribu. Uwele wote ukainama upande mmoja.

Jumatano alifika mkulima mmoja, Mama Tereza, na barua ya kumtaka ahame.

"Shikamoo, mama," alisema Elieth.

"Marahaba, mwanangu." Mama Tereza aliitazama kompyuta kwa muda. "Hili shamba langu. Nani kauinamisha uwele wangu?"

Elieth aliona haya. Akarudisha sifuri, uwele ukasimama, mama akashukuru.

"Bosi, hapa pana watu," Elieth alisema. "Tusiandike tupu."

"Punguza kipimo," alijibu Castory. "Kwa mbali ni vitone."

Ilikuwa kweli, kwa mbali vilikuwa vitone. Elieth aliichapa ramani ya kipimo kidogo, na Ijumaa mkataba ukatiwa saini. Tingatinga liliingia shambani wiki iliyofuata. Nakala ya kipimo kikubwa Elieth aliibandika ukutani nyuma ya kiti chake, na hakuna aliyemkataza.

Kufika Mei uwele wa ukutani ulikuwa umekomaa. Ndege waliingia dirishani kuudonoa, na mpiga chapa wa ofisi akawa anafunika kikombe chake. Ndipo Mama Tereza akaja na kisu na kikapu. Elieth alisogeza kiti. Mama alivuna mpaka adhuhuri, na Elieth akashika masuke aliyopewa kushika.

Castory alitoka chumbani kwake, akatazama kikapu kilichojaa, akawaambia kimetosha. Hicho alikiandikia kibali cha kutoka getini, akagonga muhuri. Mavuno mengine yalibaki ukutani, kwa sababu ramani ilikuwa mali ya ofisi.