Kifaa cha Kubeba Mikono

Kampuni moja ya simu iliwahi kumzawadia dada yangu dakika za bure za kuongea. Dada yangu ni kiziwi tangu utotoni. Ujumbe ulikuja na fataki za rangi kwenye kioo: hongera mteja wetu mwaminifu, ongea mpaka uchoke. Miaka imepita, kampuni imebadilisha nembo na wimbo wa matangazo, na wengine wote wamesahau. Mimi sijasahau. Niliandika barua, nikakusanya watu, tukasimama mlangoni kwao na mabango tukidai bando la ujumbe na picha kwa wasiosikia. Aliyetoka kutusikiliza alitugawia maji ya kunywa, akatuambia tutajulishwa. Maji yenyewe yalikuwa ya uvuguvugu. Hatujajulishwa mpaka leo.

Kwa hiyo mpwa wangu aliponiomba nimsindikize kuchagua kifaa cha intaneti cha kubeba mfukoni, kwa safari ya nchi za watu, nilikunja mikono ya shati kabla hajamaliza kusema.

Safari yenyewe ilikuwa ya wenye kujibana. Yeye na rafiki yake, wote wafanyakazi wa duka la kufulia nguo, wangebeba mikoba mgongoni, wapande mabasi ya bei ya chini, walale kwenye vyumba vya vitanda vingi, wale mkate na ndizi. Likizo walikuwa wamepewa. Rafiki alishakata tiketi. Kilichobaki ni ndiyo ya mama, na mama, yaani dada yangu, alikuwa hajaitoa.

Alikuwa na sababu yake, na siwezi kumlaumu. Binti aliposoma shule ya bweni, simu zake zilipigwa kwa jirani. Jirani anasikiliza robo saa nzima, anaguna, anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anamgeukia dada yangu na kumwandikia kiganjani kwa kidole: hajambo. Robo saa ya mtoto wake, yeye akapewa neno moja.

"Mara hii sitaki neno la kuletewa," alimwambia binti yake, kwa mikono, kama tunavyoongea nyumbani kwetu. "Nikikutaka nikupate. Nione mikono yako na nikuelewe bila kubahatisha. Ukinihakikishia hilo, nenda hata mwezini. Ukishindwa, mkoba huo nitautia viazi."

Katika mikono yetu kila mtu ana jina. Jina la mpwa wangu ni vidole viwili vinavyotembea. Alipewa alipoanza kutambaa na kila mara akakutwa mlangoni. Langu ni mdomo uliofunguliwa wazi. Dada yangu hajawahi kusikia sauti yangu, lakini husema kuiona shingo kunatosha.

Fundi tuliyemwendea ana kibanda kati ya duka la viatu na kinyozi. Anauza, anakodisha, anatengeneza, na ananifahamu tangu siku za mabango.

"Karibu, mzee wa mabango," alisema. "Leo nani kakosa?"

Nikamwambia bado sijajua, atoe vifaa kwanza.

Alimuuliza mpwa wangu kwa nini asitumie simu yake tu. Mpwa akaeleza kwamba simu ni kuukuu, ukipiga ya video kwa data yake yenyewe inapata moto kama pasi na chaji inakwisha kabla hamjamaliza kusalimiana; tena inakubali laini moja tu, na hiyo anaihitaji ibaki ya nyumbani. Fundi akaridhika. Akaweka vitu vitatu juu ya meza yake ya kioo, kila kimoja si kikubwa kuliko kipande cha sabuni.

Cha kwanza kilikuwa cha kukodi. Kinashika mtandao nchi nyingi bila kubadilisha laini, na kwenye boksi wameandika bila kikomo kwa herufi za kuwaonyesha vipofu. Nikauliza bila kikomo maana yake nini. Fundi akacheka. Alisema kikomo kipo. Ukikifikia hawakukatii, wanakupunguzia mpaka unatambaa kama konokono, na hilo wameliandika chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Nikavaa miwani, nikaziona. Karibu niwashukuru. Mtu mwenye hasira hupenda kukuta alichokitarajia. Tatizo lilikuwa jingine: kifaa hicho kinalipiwa kwa siku, ulale usilale, na mpwa wangu alipopiga hesabu kichwani uso ulimshuka. Akikichukua, pesa zitamwishia arudi katikati ya safari.

Cha pili kilikuwa kipya, cheupe, bei rahisi. Cha kampuni ile ile. Fundi hakuficha: kimefungwa, hakikubali laini nyingine, na huko ng'ambo utatozwa bei ya mgeni kwa kila pumzi. Nilikisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingoni.

"Usikivunje," alisema Fundi. "Utakinunua."

Cha tatu kilikuwa cha mkononi, kimeshatumiwa na mwingine, kimechubuka pembe, lakini kiko wazi. Ukifika nchi yoyote unanunua laini ya hapo hapo, unaichomeka, unatumia kwa bei ya wenyeji. Betri yake inatoka, kwa hiyo unaweza kubeba ya akiba. Ila ni cha kizazi cha nyuma. Kushusha hakina shida, alisema, kwenye kupandisha ndiko kunakochechemea.

Hapo nikamsimamisha. Kupandisha vipi? Najivunia kwamba mambo ya mitandao nimejifundisha mwenyewe, bila mwalimu wala darasa, ili wasinidanganye. Na bado hilo lilikuwa limenipita. Fundi akaeleza kwamba kasi wanayotangaza ni ya kushusha, kwa kuwa watu wengi wanatazama tu. Anayetazama sinema anashusha. Lakini huyu binti yenu, alisema, sinema ni yeye. Mikono yake lazima ipande mpaka ifike kwa mama, na kasi ya kupanda hakuna anayeipigia tarumbeta.

Niliuliza maswali mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Mwishowe Fundi akachukua kitambulisho changu kama amana na kutuazima vifaa viwili, cha kukodi na cha mkononi, tukavijaribu hadi jioni.

Tukagawana kazi. Mimi nilikaa na dada yangu katika chumba chake cha kushonea, simu yake imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, mbele ya cherehani. Mpwa alizunguka mji na mkoba wake mgongoni, umejaa kila kitu cha safari, kwa sababu alisema mazoezi ni mazoezi.

Alianzia kituo cha mabasi, na kifaa cha mkononi. Sura yake ikaja vizuri. Alipoinua mikono kuongea, mikono ikageuka uji. Vidole vilivutika, vikaungana, vikapotea kifuani. Dada yangu alikunja uso, akamwambia arudie. Akarudia. Uji. Akasema abadilishe, atumie cha kukodi. Kikawa nafuu kidogo, uji mzito badala ya uji mwepesi. Akahamia kwenye ngazi za benki, hali ile ile. Akaenda bustanini, hali ile ile.

Mimi nilishaanza. Nilimwambia dada yangu kwamba wezi ni wale wale, wamebadilisha mashati, kwamba wanauza kasi ya kushuka na kuficha ya kupanda, kwamba nitaandika. Akanitazama kwa subira, akanipa jina langu, ule mdomo wazi, kisha akarudi kwenye kioo. Alikuwa akiangalia kitu. Nilidhani anamhuzunikia mtoto. Baadaye nilijua hakuwa na nafasi ya kuhuzunika.

Mpwa akarudi kibandani kwa Fundi kulalamika. Tulimwona kwenye kioo, Fundi nyuma yake akigusagusa namba na kusema, kwa sauti niliyoisikia mimi, kwamba vipimo vyote viko sawa, hata hicho chakavu kinatosha, haelewi. Jua lilikuwa kali. Mpwa wangu aliiegemeza simu kwenye boksi, akatua mkoba, akavua shati lake la maua lililolowa jasho mgongoni, akabaki na fulana nyeusi ya ndani. Akainua mikono kusema amechoka.

Tukaiona kila ncha ya kidole.

Nikaruka kwenye kiti. Nikasema mtandao umefunguka, labda wamesikia nalalamika. Dada yangu alimwambia binti yake, polepole, "Vaa shati."

Mpwa akavaa. Uji.

"Vua."

Vidole vikarudi, kumi kamili.

Nikasahau kukasirika. Dada yangu alivuta kiti karibu na kioo, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyefungua redio ya watu. Akamwamuru binti yake afungue mkoba na atoe mashati yote. Akatoa la pili, maua madogo zaidi. Akalivaa, akaongea, mikono ikazama kabisa. Akatoa la mistari. Vidole vikaonekana nusu. La mirabaraba, afadhali. Akajitanda taulo ya bluu isiyo na kitu, safi. Dada yangu akamtaka Fundi naye asogee, na Fundi, aliyevaa aproni ya vidoadoa, akajaribu kupunga mkono na akageuka wingu. Wateja walikuwa wamejazana kutazama. Mmoja alijitolea na koti lake.

Fundi ndiye aliyeelewa sababu, akanieleza kwa sauti huku mpwa akimtafsiria mama. Picha haipelekwi yote kila mara. Kinachotumwa ni kile kilichobadilika. Shati la maua likitikisika, kila ua linadai lipelekwe upya. Njia ya kupanda ni nyembamba, maua ni mengi, mikono inapata makombo.

"Kumbe hata humo ndani kuna wanaokula fungu la wenzao," nilisema.

"Usiyaandamanie," akanijibu Fundi. "Ni maua tu."

Mpwa wangu alikuwa amesimama katikati ya lundo la mashati mapya na alikuwa ametambua jambo. Hata mimi nililitambua. Mashati yote yale yalikuwa ya cherehani hii iliyo mbele yangu. Marefu nyuma ili yasipande chini ya mkoba, mifuko ya siri yenye zipu upande wa ndani, kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Maua kwa sababu dada yangu ni fundi wa maua, ndiyo yanayomlisha, na ndiyo anayompa anayempenda.

"Mama," alisema mpwa, "umenishonea nguo zote hizi za safari uliyoikataa?"

Dada yangu alipangusa kioo cha simu ambacho hakikuwa na vumbi.

"Nilishona nguo," alisema. "Sikukuambia uzivae wapi."

"Mifuko ya siri je? Ya kwenda sokoni?"

"Sokoni kuna wezi."

Mpwa akacheka, akafuta macho kwa taulo ya bluu. Dada yangu hakucheka. Alisema jaribio halijaisha. Kibanda kiko katikati ya mji, na huko aendako si kila mahali ni katikati ya mji. Akamwambia amrudishie Fundi kile cha kukodi, abaki na cha mkononi, avae fulana nyeusi, apande basi mpaka mwisho wa njia, mahali ambapo hata matangazo ya kampuni hayafiki, na apige kutoka huko.

Tulingoja. Dada yangu alishona pindo moja, akalifumua, akalishona tena. Nilimuuliza, picha ikigoma huko mwisho wa njia, itakuwaje? Akasema itakuwa viazi. Lakini alisema bila kunitazama, na mguu wake haukutulia juu ya kanyagio.

Simu ikawaka. Nyuma ya mpwa palikuwa na ukuta wa matofali na anga tupu. Alituonyesha kifaa: mtandao ulikuwa na mstari mmoja tu. Picha ilikuja ndogo, rangi zimefifia, uso wake umekuwa kama uliochorwa na mtoto. Lakini mikono ilikuwa mikono.

"Unaniona?" aliuliza.

"Nakuona. Nani alikuruhusu kukata nywele hivyo?"

Na hapo wakaanza. Nywele zilikatwa lini, na kwa nini hakuambiwa. Rafiki yake anayekoroma, nani atalala naye chumba kimoja. Kitanda cha juu au cha chini. Mama alisema cha chini, binti akasema cha juu, ndipo hawakuibii. Mama akamkatiza katikati ya sentensi, binti akamkatiza mama, mikono ikipishana kama ya watu wanaogombea tonge. Hakuna aliyeuliza picha ikoje. Mimi nilikuwa na hamu ya kujua kifaa kimekula data kiasi gani, niilinganishe na kile cha kukodi, nipate hoja kamili ya barua yangu. Nikainama nikitaka kumuuliza mpwa asome namba.

Dada yangu alinisukuma kwa kiwiko. Nilikuwa nimemzibia mwanga wa dirisha, na binti yake alikuwa ameshindwa kuona jibu.

Nikasogea ukutani. Waligombana hadi wakafika kwenye kituo cha kwanza cha safari, basi linafika saa ngapi, na kutoka hapo atampigia akiwa amesimama wapi. Si mbele ya dirisha, dada yangu alisema kwa mkono mmoja, si mbele ya watu wanaopita, tafuta ukuta mtupu. Mkono wa pili ulikuwa nyuma yake, unapapasa rafuni bila kutazama, unapita maua, mistari na mirabaraba, mpaka ukashika jora la kitambaa cheusi na kuanza kulivuta.